Mechi Kumi Zilizobaki: Kisa cha Ligi Kuu Tanzania Bara, Msimu wa 2019/20

Jumanne ya Machi 17, 2020, siku moja baada ya mgonjwa wa kwanza wa corona nchini kutangazwa kule Arusha, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kufungwa kwa shule na kusimamishwa kwa mikusanyiko, Ligi Kuu ya soka ikiwemo, kwa muda wa siku 30. Muda huo ulipokwisha uliongezwa bila kutajwa siku ya mwisho, na hapo ndipo swali ambalo wengi walilichukulia kama utani wa vijiweni lilipogeuka kuwa swali la kiutawala: je, msimu umaliziwe, au ukatwe pale ulipofikia na msimamo wa Machi uwe ndio msimamo wa mwisho?

Ni vyema kwanza tuuangalie msimamo wenyewe. Ligi ilikuwa na timu 20, kwa hiyo kila timu ilipaswa kucheza mechi 38. Simba ilikuwa imecheza mechi 28 na kujikusanyia pointi 71. Azam ilikuwa ya pili kwa pointi 54 katika idadi hiyo hiyo ya mechi, na Yanga ya tatu kwa pointi 51, ikiwa na kiporo cha mchezo mmoja. Machi 8 Yanga walikuwa wamemfunga mtani wao Simba bao 1-0 kwa mpira wa adhabu wa Bernard Morrison, ushindi uliowapa raha kubwa mitaani lakini ambao haukulitikisa jedwali, kwani siku tatu baadaye Simba waliichapa Singida United 8-0. Hiyo ndiyo picha iliyobaki vichwani mwa watu kwa miezi mitatu: timu moja kileleni peke yake, na nyingine zikigombea makombo. Naamini picha hiyo ndiyo iliyoupotosha mjadala mzima, kwa sababu iliwafanya watu wadhani kwamba kinachoamuliwa ni nani apewe kombe.

Viongozi wa soka walikuwa na njia tatu mbele yao. Wangeweza kuufuta msimu kana kwamba haukuchezwa, wangeweza kuufunga kwa msimamo uliopo, au wangeweza kusubiri na kuumalizia. Ya kwanza haikuwa na mtetezi wa maana popote nchini, isipokuwa wale waliotaka kumwona mtani wao akikosa ubingwa kwa hila ya karatasi, nami siipi nafasi zaidi ya sentensi hii. Mvutano wa kweli ulikuwa kati ya njia ya pili na ya tatu.

Njia ya pili ndiyo waliyoichagua majirani wengi. Aprili 30 Shirikisho la Soka Kenya liliufunga msimu na kuitangaza Gor Mahia bingwa kwa pointi zake 54, saba zaidi ya Kakamega Homeboyz, na papo hapo likaingia katika malumbano na kampuni iliyokuwa ikiendesha ligi hiyo, ambayo ilihoji nani hasa ana mamlaka ya kuifunga. Uganda nao waliufunga msimu mwezi Mei na kuipa Vipers ubingwa, huku Proline, Maroons na Tooro United zikishushwa daraja ilhali mechi tano zilikuwa bado hazijachezwa. Rwanda iliipa kombe APR, ambayo haikuwa imepoteza mchezo hata mmoja katika mechi 23. Burundi ilikwenda njia yake kabisa: iliendelea kucheza wakati karibu dunia nzima imesimama, ikapumzika Aprili, ikarudi Mei na kumaliza kwa ubingwa wa Le Messager ya Ngozi.

Katika maamuzi haya kuna jambo dogo la hesabu linalostahili kutazamwa kwa makini. Uganda ilikuwa na kanuni iliyoandikwa kabla ya balaa: ligi ikikatika baada ya robo tatu ya mechi kuchezwa, anayeongoza ndiye bingwa. Vipers ilikuwa imecheza mechi 25 kati ya 30, yaani asilimia 83, kwa hiyo kanuni ilitosha na hapakuwa na haja ya mtu kutunga lolote. Tukiuchukua mzani huo huo na kuuweka juu ya meza ya Tanzania, mechi 28 kati ya 38 ni asilimia 73.7. Mchezo mmoja zaidi ungeifikisha Simba asilimia 76. Kwa maneno mengine, hata kama tungeazima kanuni ya jirani, tungekuwa tumepungukiwa mchezo mmoja tu. Sisemi kwamba robo tatu ni namba takatifu. Ninachosema ni kwamba Uganda waliupata mstari wao kabla ya kujua nani angenufaika nao, na sisi tungelazimika kuuchora wetu tukiwa tayari tunamwona anayenufaika.

Sasa tuje kwenye ubingwa wenyewe. Azam, kama ingeshinda mechi zake zote 10, ingefikisha pointi 84. Yanga, kwa mechi zake 11, nayo isingeweza kuvuka 84. Kwa hiyo Simba ilihitaji pointi 14 kati ya 30 zilizobaki ili isifikiwe na yeyote, hata kama wapinzani wake wasingeteleza kabisa. Timu iliyokuwa ikivuna wastani wa pointi mbili na nusu kwa mchezo kushindwa kupata 14 katika mechi 10 ni jambo ambalo hata shabiki wa Jangwani, yaani wa Yanga, asingelitabiri akiwa ametulia. Kwa upande wa kileleni, basi, kuukata msimu kusingemdhulumu mtu. Kungelalamikiwa, kwa sababu hapa kwetu kila kitu hulalamikiwa, lakini dhuluma ya kweli isingekuwapo.

Ukishuka chini, hali inabadilika kabisa. Msimu ule ulikuwa na jambo la ziada ambalo halikusikika sana katika mijadala ya redioni: ligi ilikuwa inapunguzwa kutoka timu 20 hadi 18. Ili hesabu ikae sawa, timu nne za mwisho zilipaswa kushuka moja kwa moja, na timu za nafasi ya 15 na 16 zilipaswa kucheza mchujo na timu za Ligi Daraja la Kwanza. Maana yake ni kwamba timu 6 kati ya 20, karibu theluthi moja ya ligi, zilikuwa zikiishi kwa wasiwasi, na ukiacha Singida United iliyokuwa imekwisha kukata tamaa, pengo kati ya aliyesalimika na aliyezama lingeweza kuzibwa kwa ushindi wa wiki mbili. Kwa timu za mikoani kushuka daraja ni zaidi ya aibu, kwa sababu huandamana na kukosa mgawo wa fedha za haki za matangazo ya televisheni, kuondokewa na wachezaji wenye majina, na kuikosa ile siku moja kwa msimu ambayo Simba au Yanga hufika mjini, mlango wa uwanja ukaingiza kwa jioni moja kuliko ulivyoingiza kwa miezi. Timu imeshawahi kushuka na isionekane tena.

Kuzishusha timu hizo kwa msimamo wa Machi kungekuwa kuwahukumu watu kwa mechi ambazo hawakupewa nafasi ya kuzicheza. Na kutozishusha pia kungekuwa na mwathirika wake, maana Daraja la Kwanza nako kulikuwa na timu zilizotumia fedha kwa matumaini ya kupanda. Ufaransa ilijaribu njia hii na kuonja uchungu wake: ligi yake ilifungwa Aprili 30 na Amiens, iliyokuwa pointi nne tu nyuma ya usalama ikiwa na mechi 10 mkononi, ikashushwa pamoja na Toulouse. Mwezi Juni baraza kuu la mahakama ya utawala likasimamisha kushushwa huko na kuwarudisha viongozi wa ligi mezani, nao baadaye wakapiga kura na kuzishusha hivyo hivyo. Ligi tajiri, yenye wanasheria wa kutosha, ilihitaji mahakama ili kujua timu mbili ziende wapi. Sisi tungekuwa na timu sita.

Eneo la pili lenye uzito lilikuwa Kombe la Shirikisho la hapa nchini, linalochezwa kwa mtoano. Wakati ligi inasimama, mashindano hayo yalikuwa yanaelekea robo fainali, na ndiyo yaliyokuwa yakitoa mwakilishi wa nchi katika Kombe la Shirikisho Afrika. Kwa msimu uliofuata Tanzania ilikuwa na nafasi mbili tu za kimataifa: bingwa wa ligi aende Ligi ya Mabingwa, na nafasi nyingine itoke kwenye kombe hili. Kama msimu ungekatwa, ubingwa wa ligi ungeweza kusomwa kwenye jedwali, lakini kombe la mtoano halina jedwali. Huwezi kumtafuta bingwa wa mtoano kwa wastani wa pointi. Ingebidi mtu akae ofisini na kumtaja mwakilishi, na kwa hali ilivyokuwa angetajwa Azam, ama kwa sababu ni wa pili kwenye ligi au kwa sababu ndiye aliyelitwaa kombe hilo mwaka 2019. Hakuna ambaye angeitaja Namungo ya Ruangwa, mkoani Lindi, iliyokuwa katika msimu wake wa kwanza kabisa wa Ligi Kuu.

Kulikuwa pia na suala la mikataba na fedha, ambalo nitalipitia kwa haraka kwa kuwa lilipata ufumbuzi wa nje. Mikataba mingi ya wachezaji huisha mwishoni mwa msimu, na msimu ukivuka mwezi Juni mchezaji anaweza kujikuta anachezea timu ambayo hana mkataba nayo. FIFA walitoa mwongozo mapema Aprili wakipendekeza mikataba irefushwe hadi siku halisi ya kumalizika kwa msimu, na jambo hilo likapoa. Fedha za udhamini wa Vodacom na za haki za matangazo za Azam Media zilikuwa zimefungwa kwenye mechi kuchezwa na kuonekana, kwa hiyo hakuna kiongozi wa klabu aliyekuwa na hamu ya kuona mechi karibu 100 zikifutwa.

Hoja ya afya ndiyo iliyopaswa kutangulia zote, na ndiyo iliyojadiliwa kwa udhaifu zaidi. Takwimu za mwisho za nchi zilizotolewa hadharani, zile za wagonjwa 509 na vifo 21, hazikufuatiwa na nyingine baada ya mwanzoni mwa Mei hadi msimu unakwisha. Mei 21 Rais John Magufuli alitangaza kwamba michezo irejee Juni 1, akieleza kuwa idadi ya wagonjwa katika vituo vya matibabu imepungua. Mchambuzi anayetaka kupima uamuzi ule kwa vigezo vya kitabibu hana cha kushika mkononi: hawezi kusema ulikuwa sahihi, wala hawezi kusema ulikuwa wa hatari kiasi gani, kwa sababu namba za kulinganisha hazipo. Kwa hiyo ninapotetea kumaliziwa kwa msimu ninatetea upande wa michezo wa uamuzi huo, na nakiri kwamba upande wa pili wa mizani ulipimwa gizani. Wale walioufunga msimu Nairobi, Kampala na Kigali walikuwa angalau wakisoma takwimu za kila jioni.

Baada ya ruhusa kutoka, serikali ilikuja na mpango ambao kwa siku chache ulikaribia kuharibu faida yote ya kumaliza msimu. Ilitangazwa kwamba timu zote za Ligi Kuu zikusanyike Dar es Salaam na kuzicheza mechi zilizobaki katika viwanja vya jiji hilo, na kwamba madaraja ya chini yakachezwe Mwanza. Mantiki ya kupunguza safari ilieleweka. Lakini kwa timu ya Mtwara au Bukoba inayopigania kubaki, nusu ya mechi zilizobaki ni za nyumbani, mbele ya watu wake, kwenye kiwanja ambacho mabonde yake inayajua kwa miguu. Kuziondolea nyumbani timu hizo huku klabu za Dar es Salaam zikiendelea kulala kwenye vitanda vyao kungeifanya ligi imalizike kwa masharti tofauti na yale iliyoanza nayo, na hoja kuu ya kumalizia ni kwamba masharti yabaki yale yale. Klabu zililalamika, mpango ukaondolewa, na ligi ikarudi katika mtindo wa nyumbani na ugenini. Nadhani huu ndio uamuzi mdogo uliookoa uamuzi mkubwa.

Ligi ilirejea Juni 13, siku 88 tangu iliposimamishwa. Mashabiki waliruhusiwa kwa idadi pungufu na kwa masharti ya kukaa mbalimbali, kunawa mikono na kuvaa barakoa. Mimi mechi za mwanzo nilizitazama kwenye kibanda umiza cha mtaani kwetu, na hapo mlangoni palikuwa na ndoo ya maji yenye koki, juu ya stuli, na kando yake sabuni ya maji katika chupa ya soda iliyotobolewa kizibo. Wa kwanza walinawa kwa utaratibu, wakisugua hadi migongo ya viganja. Mpira ulipoanza foleni ikavunjika, na kufikia mapumziko koki ilikuwa inatoa hewa tu, huku benchi la watu watano likiwa limekaliwa na wanane. Nilipoona kwenye runinga majukwaa ya viwanja vya mikoani, sikuona tofauti kubwa na kibanda chetu. Masharti yaliandikwa kwa ajili ya nchi ambayo watu wake hutazama mpira wakiwa wamekaa kimya.

Kiwanjani, mambo yalikwenda hivi. Simba walianza kwa sare ya 1-1 na Ruvu Shooting, wakazifunga Mwadui na Mbeya City, na Juni 28 wakatoka 0-0 na Tanzania Prisons kwenye Uwanja wa Sokoine, Mbeya. Pointi ile moja iliwafikisha 79 na kuwapa ubingwa wa tatu mfululizo, mechi sita zikiwa zimebaki. Hadi hapo mtu angeweza kusema kwamba tulisubiri miezi mitatu kuthibitisha kilichojulikana Machi.

Lakini tazama nafasi ya pili. Kwa msimamo wa Machi ilikuwa ya Azam, na hata kwa wastani wa pointi kwa mchezo, njia waliyotumia Wafaransa, ingekuwa ya Azam: 1.93 dhidi ya 1.89 ya Yanga. Msimu ulipokwisha Julai 26, Yanga ilikuwa na pointi 72 na Azam 70. Njia zote mbili za karatasi zingekosea. Katika Kombe la Shirikisho, Simba waliwafunga Yanga 4-1 katika nusu fainali ya Julai 12, na Agosti 2 kule Sumbawanga wakaichapa Namungo 2-1 katika fainali. Kwa kuwa Simba tayari walikuwa na tiketi ya Ligi ya Mabingwa, nafasi ya Afrika ikaangukia kwa Namungo, timu ambayo ofisi yoyote ingeisahau. Corona iliwakuta huko huko: Februari 2021 walipofika Luanda, Angola, kucheza na Primeiro de Agosto, baadhi ya watu wa msafara wao walipimwa wakakutwa na maambukizi, mchezo ukashindikana, na CAF, shirikisho la soka la Afrika, ikaamua mechi zote mbili zichezwe Chamazi, Dar es Salaam. Namungo walipita kwa jumla ya mabao 7-5 na kuingia hatua ya makundi.

Huku chini, waliozama moja kwa moja ni Alliance, Lipuli, Ndanda na Singida United. Mbeya City na Mbao waliangukia kwenye mchujo, na hapa ndipo ninapolazimika kukiri kasoro ya njia niliyoitetea. Kabla ya kusimama, Simba walikuwa wamevuna pointi 71 katika mechi 28. Katika mechi 10 za mwisho walivuna 17 tu, na wakamaliza na 88. Ubingwa ulipopatikana mapema, na ratiba ilipobanwa kiasi cha timu kucheza kila baada ya siku tatu au nne, kocha Sven Vandenbroeck hakuwa na sababu ya kuwachosha nyota wake kwenye kila kiwanja. Julai 16 Mbao, iliyokuwa ikihangaika mkiani, iliifunga Simba 3-2 jijini Mwanza. Sidai kwamba mchezo ule uliuzwa. Mbao walipambana na walistahili. Nasema tu kwamba timu zilizokutana na Simba ya Februari na zile zilizokutana na Simba ya Julai hazikukutana na timu moja, na kwamba wanaoshuka daraja kwa tofauti ya pointi moja au mbili wana haki ya kulikumbuka hilo. Hata hivyo kasoro hii haikuletwa na corona. Huwapo kila msimu ambao bingwa hupatikana mapema, na janga liliikuza tu kwa kubana ratiba.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba kumalizia kulikuwa ni heshima kwa Simba. Simba walikuwa wa mwisho kuhitaji mechi zile. Zilihitajiwa na Yanga, na Namungo, na Mbeya City iliyosalimika kwenye mchujo, na Ihefu ya Mbarali, ambayo ilitoka Daraja la Kwanza, ikaitoa Mbao kwenye mchujo huo huo na kupanda pamoja na Dodoma Jiji na Gwambina. Msimu mpya ulifunguliwa Jumapili ya Septemba 6. Kule Sokoine, kwenye nyasi zile zile ambako Simba walitawazwa siku 70 nyuma kwa sare isiyo na bao, Ihefu waliingia kucheza mchezo wao wa kwanza wa Ligi Kuu dhidi ya Simba. Walifungwa 2-1.